Usukani Chini ya Majani ya Migomba

Mwezi uliopita nilikwenda Ntinda kununua vitu vya nyumbani, nikaegesha gari langu nje ya duka kubwa, nikafunga usukani kwa kile chuma chekundu ambacho watoto wangu wamekichoka. Mlinzi wa pale, kijana mpole, alitabasamu akaniambia kwamba gari kuukuu kama hili hakuna mtu wa kulitaka siku hizi. Nikamjibu kwamba mimi nimelelewa Ntinda hiyohiyo, tena pale nyuma ya duka lake, enzi ambazo hata gari bovu lilitakwa. Hakuelewa. Wewe uliyeishi miaka ile ya utawala wa wanajeshi utanielewa.

Tulikaa katika safu ya nyumba za kupanga, baba, mama, bibi yangu mzaa mama tuliyemwita Jaja, na mimi, binti pekee. Baba alikuwa askari polisi, mtu wa kaskazini, ndiyo maana nyumbani tulichanganya Kiswahili chake na Kiganda cha kina mama. Asubuhi moja alikunywa chai ya rangi, maana maziwa yalikuwa yameadimika, akaenda kazini kwa miguu ili kuokoa petroli. Hakurudi. Mama alikwenda kumuulizia mpaka kule Luzira, karibu na Port Bell, kwenye lango la gereza. Mwisho akaambiwa na mtu aliyemwonea huruma kwamba asiulize tena kama anapenda kulea mtoto wake. Tukabaki na gari lake, dogo, la kijivu, lenye viti vilivyonuka tumbaku yake.

Mama alikuwa mkunga, na gari la wagonjwa halikuwa likipatikana tena. Wanawake waliposhikwa na uchungu waliletwa kwetu, au mama aliwafuata. Gari likawa mikono yake. Sasa, gari lile lilikuwa la zamani, halina kufuli kwenye shingo ya usukani. Mwizi alihitaji tu kuingiza mkono chini, aunganishe nyaya mbili, aondoke. Mama alianza kwa mnyororo, akaufunga usukani na breki kwa kufuli. Wiki hiyohiyo mnyororo kama huo ukakatwa kwenye gari la mwalimu wangu, nalo likapotea. Basi mama akaenda kwa fundi mmoja wa Kawempe, naye fundi akamchania bomba la chuma vipande viwili, akaivisha shingo ya usukani navyo kama bangili nene, nyaya zikafichika. Lakini fundi alimwambia ukweli: chuma kinamzuia mwizi, hakimzuii mtu mwenye bunduki. Kama anataka kulala, ang'oe usukani wenyewe.

Ndivyo tulivyoishi. Mama alitembea na spana ndani ya mkoba wa ukunga, katikati ya mikasi na pamba. Kila aliporudi alifungua nati, akavuta, usukani ukatoka kwa mlio wa kukwaruza ambao bado nausikia. Kazi yangu ilikuwa kuupokea na kuukimbiza ndani. Ulikuwa na joto la viganja vyake. Jaja aliupangia maficho kila siku pahali pengine. Alikuwa na msemo wake kwamba mlango wa kwanza wa nyumba ni jirani, na kwa hiyo alitaka tumchunge jirani yetu.

Jirani huyo alikuwa mke wa sajenti wa jeshi, mwanamke wa West Nile, kwao na watawala wa siku zile, mrefu, mwenye pengo katika meno ya mbele. Kati yetu palikuwa na ua wa michongoma tu. Mama alikuwa amemzalisha mtoto wake wa mwisho, lakini tuliishi naye kwa salamu tu. Mumewe alivaa sare zilezile tulizoziogopa barabarani.

Jumamosi moja mchana mama alikuwa amelala baada ya zamu. Mimi na Jaja tulikuwa jikoni, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, yeye akimenya matoke, mimi nikipitisha majani ya migomba juu ya moto yalainike. Usukani ulikuwa pale pale chini, umefunikwa na lundo la majani. Tukasikia gari likisimama, milango ikifungwa. Waliingia wanaume wawili waliovaa miwani myeusi na suruali zilizopanuka chini. Kila mtoto wa Kampala alijua watu wa miwani ile: wapelelezi wa serikali, waliochukua watu wasirudi.

Walikuwa wameshaliona gari. Mmoja akauliza kwa upole ulionitisha kuliko makelele, "Usukani ya hii motoka iko wapi?"

Jaja alijibu kwa Kiganda kwamba yeye ni mzee na magari hayajui. Mtu yule akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshika jani, linanichoma vidole, na sikuweza kuliacha. Mama akatokea mlangoni na kanga kifuani, akaona wageni, akasimama kama mti. Yule mwanamume wa pili aliinama, akaanza kuinua majani juu ya lundo, moja, jingine.

"Hiyo walishaiba."

Ilikuwa sauti ya jirani. Alikuwa amesimama upande wa pili wa michongoma, mtoto mgongoni.

"Nani naiba?" yule mtu aliuliza.

"Mimi sijui wao. Naona na macho yangu, wao natoa usukani nakimbia. Kama nadanganya, bwana yangu iko kambini, enda uliza yeye."

Jaja aliendelea kumenya, ila kisu kilikuwa kinapita hewani tu. Hatimaye yule aliyeinama akajinyoosha, akapangusa mikono. Walichukua betri, tairi la akiba na jogoo wa Jaja, wakaenda zao.

Mama alivuka michongoma bila viatu. Alitaka kujua kwa nini amejitia hatarini, maana mumewe angeulizwa kweli. Yule mwanamke alimwambia, "Wewe ndiyo nashika mtoto yangu kwanza, kabla ya mimi." Akarudi kufua nguo zake.

Kisha serikali ile ya wanajeshi ikaanguka. Mizinga ilisikika siku kadhaa, sajenti akatoweka na wenzake, na mtaa ukawageukia jamaa za askari wale. Watu niliowaamkia kila siku nikawaona wakipita na magodoro ya mke wa sajenti vichwani. Yeye alikuwa amejificha jikoni kwetu na watoto wake. Jaja alimvika gomesi yake mwenyewe, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, akamfunga mkanda, akamwambia asifungue mdomo njia nzima, kwa kuwa Kiswahili chake cha kambini kingemuua. Mama, aliyekuwa ameshapata betri nyingine kwa yule fundi, akarudisha usukani mahali pake, nati ikimponyoka mara mbili.

Niliketi nyuma na wale watoto. Nilikuwa nimeagizwa nizungumze Kiganda kwa sauti, chochote kile. Pale Kawempe vijana wenye marungu walitusimamisha, wakachungulia, wakauliza mama amembeba nani. "Mzazi," mama alisema, akawaonyesha mkoba wake. Mimi nilikuwa nikiwahadithia watoto habari za sungura, sijui hata nilisema nini. Kijana mmoja alimtazama jirani usoni kwa muda, kisha akapiga boneti kwa kiganja, tupite. Tulikwenda na barabara ya Bombo mpaka petroli ikabaki ya kurudia. Walishuka, wakajiunga na msafara wa watu waliokuwa wakienda kaskazini na mabunda yao.

Safu ya nyumba zetu imebomolewa. Pale penye michongoma pana ukuta wenye vigae vya chupa juu yake, na wanaoishi huku na huku hawajuani hata majina. Mama, mpaka uzee wake, kila alipokutana na mtu wa kutoka Arua, kule West Nile, alimuuliza kama anamfahamu mwanamke mrefu mwenye pengo. Hakuna aliyewahi kumfahamu. Aliendelea kuuliza tu.