Walimngojea Hadi Saa Tisa

Baba yangu alikuwa mchinjaji mjini Migori. Palipokuwa na matanga, hata kwa Wakristo, aliitwa achinje ng'ombe, maana Mwislamu akichinja kila mtu anakula na sufuria inakuwa moja. Yeye alisilimu akiwa kijana. Mama yake, nyanya yetu wa Sori, alibaki na kanisa lake, na sijawahi kusikia wakigombana kwa hilo.

Nyanya alikuwa na fahali mwekundu. Alinionyesha mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Huyu ng'ombe ni ya siku yangu. Mtoto yangu atachinja, ndio watu wote wakule."

Kisha kaka yangu akarudi kutoka masomoni, katika nchi ya Waislamu alikokaa miaka minne. Alirudi na kanda za mahubiri na sauti mpya. Alitusimulia jinsi vijana wa msimamo mkali walivyoanza kule kwa kukataza ngoma za arusi, kisha wakakataza watu kuwazika majirani wa dini nyingine. Wenye maduka hawakupenda, alisema, lakini waliambiana kwamba hao vijana ni wachamungu, tena wamesoma, na wao ni nani wa kuwabishia. Alilisema hilo kwa fahari. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi mwenye domo kama chiriku, niliwacheka moyoni wale wenye maduka.

Haukupita mwezi akamwambia baba kuwachinjia makafiri ni dhambi, na kuingia mazishini mwao ni dhambi zaidi. Baba, ambaye hakusoma, alikifunga kisu chake kwa kitambaa akakiweka juu ya kabati. Waislamu wenzetu mjini, wachache kama tulivyokuwa, waliinamisha vichwa. Wengine waliguna walipofika nyumbani kwao. Mimi sikuguna hata. Nilijivunia ndugu anayesoma Kiarabu bila kukwama, na nikaona aibu kuuliza.

Nyanya akafariki mwaka huohuo. Asubuhi ya mazishi baba alikuwa amevaa kanzu, viatu viko mlangoni. Kaka alisimama mbele yake.

"Baba, ukiingia pale umekuwa mmoja wao," alisema.

Baba alinitazama mimi. Nilijua ananiomba niseme neno. Nikainama kufunga kamba za viatu vyangu, nikaenda Sori peke yangu.

Kule fahali alikuwa amefungwa uani. Wapwa wa nyanya walikuwa na visu, ila wanawake wa kanisa lake walikataa: mwenye kuchinja anakuja, walisema, marehemu alishasema. Wageni walikaa na njaa. Nilishindwa kuwaambia ukweli. Jua lilipoanza kushuka wakamzika, wakapika ugali na omena, dagaa wa ziwani, na fahali akafunguliwa kamba akiwa mzima.

Kaka aliyaacha mambo yale baada ya miaka michache, kama mtu aachavyo sigara. Sasa anauza vitambaa Isebania, anacheka na kila mteja, na hayataji kamwe. Nimejaribu kumchukia nikashindwa, kwa sababu mimi nilikuwa na mdomo nikaufunga.

Baba hakuchinja tena. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliniuliza kitu kimoja tu, kama kweli walimngojea.

Nikamwambia walimngojea hadi saa tisa.