Daktari Ameomba Picha Yangu Nikicheka

Leo daktari wa meno ameniuliza swali, nalileta kwenu, jameni.

Mnajua meno yangu mawili ya mbele yalivunjika nilipoanguka na boda. Leo hatimaye nimeshuka kutoka Kibirichia hadi Meru mjini kutengenezewa mengine.

Daktari, msichana mdogo tu, akachukua vipimo. Akanieleza meno ya kati ndiyo huwa makubwa, yanayofuata yanapungua kidogo, na kila jino urefu upite upana.

"Lakini hiyo ni ya kitabu, mzee," akasema. (Mzee! Na hamsini sijafika.) "Nionyeshe picha ukicheka, nijue yako yalikaaje."

Nikatoa simu.

Viazi. Magunia ya viazi. Viazi vya mbegu. Mimi na mnunuzi wa viazi, mdomo nimeufunga kabisa.

Tukatafuta mpaka nikaona aibu.

"Sawa. Kuna mtu wa nyumbani anaweza kuja aone meno mapya, atuambie kama ni wewe?"

Nikamwambia mama angejua mara moja. Akasema basi nimpigie.

Mama tulimzika mwaka jana.

Daktari akaniambia pole. Akanibandikia meno ya majaribio, ati nikae nayo wiki moja, watu wa nyumbani wayaone, nirudi na maoni yao.

Sasa nimefika. Nimewasha jiko, nimekaa. Watu wenyewe ni mimi na ng'ombe.

Kwa hivyo nimeweka picha hapo chini. Nimejichekea peke yangu, mnisamehe.

Kuna yeyote anayenikumbuka nikicheka? Yalikuwa hivi?