Nyayo Kwenye Ukuta wa Ruqiya

Deeq hajaiona bahari hata siku moja, na hilo halikumzuia kuikubali kazi. Ndivyo alivyo! Miaka kumi na tano anachora kuta za maduka Garissa: ngamia wa maziwa, matairi, meno ya daktari. Ruqiya mwenye hoteli alipomwambia, "Nichoree bahari ukutani," akajibu, "Kesho nakuja, eddo," kwa heshima ya shangazi, utadhani bahari anayo nyumbani.

Siku ya kwanza akayapaka maji rangi ya kahawia. Wanywaji chai wakacheka mpaka mbavu zikawauma: hii ni Tana imefurika! Deeq alitahayari. Asubuhi iliyofuata akaketi ukingoni mwa mto, karibu na daraja, akitazama jua likimeta juu ya maji. Akaona maji yenyewe hayana rangi, rangi yaletwa na mwanga. Akarudi akapiga brashi fupi fupi, samawati, nyeupe, manjano kidogo. Ukisogea karibu ni madoa matupu. Ukirudi mezani, wallahi, maji yanacheza.

Lakini Ruqiya alitaka na mtu kwenye mchoro. Mwanawe Abdow alipanda mashua kule Libya kwenda Ulaya, huu mwaka wa nne, na tangu siku hiyo kimya. Hakuna simu, hakuna maiti.

"Mchore anatoka majini," alisema. "Asiwe anaingia. Na uso usiweke, hapa tunaswali."

Deeq akachora kijana mwembamba asiye na uso. Ruqiya akamtazama, machozi yakamlengalenga. "Sasa nitajuaje kama anakuja au anakwenda?"

Swali hilo lilimnyima Deeq raha siku mbili nzima. Kisha akakumbuka: Ruqiya amekulia kwa wafugaji wa Griftu, na mtoto wa huko husoma nyayo za ngamia aliyepotea kabla hajajua alifu. Akachora nyayo mbichi mchangani, kutoka kwenye mawimbi hadi kwa yule kijana, vidole vikielekea mezani.

Ruqiya akaweka birika chini. Akainama, akazifuata kwa kidole, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Anakuja," akasema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Na ona hatua zilivyo ndefu! Mwanangu hakuchoka. Miaka minne nikiogopa kwamba alichoka, Deeq."

Deeq akainama kuosha brashi zake. Nyayo alizitenganisha hivyo kwa sababu rangi ilikuwa inamwishia.