Sauti ya Mpole

Kwa miaka mitano nilikuwa mtu mbaya kila Alhamisi jioni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja kasorobo. Kituo chetu cha redio kiko Migori, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mchezo wetu ulitangazwa kwa Kiswahili ili Wajaluo, Wakuria na wale wa ng'ambo ya mpaka wa Tanzania wote wapate chao. Siku nyingine nilisoma matangazo ya vifo. Wasikilizaji hawakujua kwamba sauti iliyowaambia marehemu ameacha wajane wawili ndiyo iliyowanyang'anya wajane mashamba siku ya Alhamisi. Nilizitenganisha sauti hizo kwa makini, na nilijivunia jambo hilo kuliko inavyofaa.

Mhusika wangu aliitwa Mpole. Kazi yake mchezoni ilikuwa kumhamisha mjane wa kaka yake kutoka kwenye ardhi aliyoachiwa na mumewe. Mwandishi wetu, dada aliyeendesha pia kipindi cha afya, mwanzoni alimwandika kama mtu wa kupiga kelele. Anaingia kwa mjane akibamiza mlango, anacheka ovyo, anatishia kuchoma nyumba. Nilirekodi hivyo mara mbili. Mara ya pili fundi wetu wa mitambo, aliyekuwa akila muhogo nyuma ya kioo, hakuinua hata kichwa.

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye vibanda vya video vya Sindo, ambako adui alijulikana kabla hajafungua mdomo. Ana kovu, ana miwani myeusi, anacheka peke yake. Tulimzomea, stelingi, shujaa wa filamu, akamuua, tukaenda ziwani kuogelea. Leo ukiniuliza, sikumbuki hata mmoja wao. Ninayemkumbuka ni mzee mmoja tu, aliyekuwa akimmenyea mjukuu wake chungwa huku akisubiri habari za mtu aliyeagiza auawe. Alimtolea mtoto mbegu moja moja asije akapaliwa. Filamu yenyewe iliishaje, sijui.

Jambo hili nimelifikiria sana, maana ndilo lililokuwa likinipa ugali. Mwovu anayekaa kichwani mwa watu kwa kawaida hajui kuwa ni mwovu. Anazo sababu zake, na ukizisikiliza vibaya unaweza kukubaliana naye. Ana subira. Anajua jina la mtoto wako wa mwisho na dawa anayokunywa. Akishakuchukulia kitu chako, unajikuta wewe ndiye unayemshukuru. Wale wa kucheka ovyo hawamnyimi mtu usingizi, kwa sababu tunajua hatujawahi kukutana nao. Huyu mwingine tumekula naye. Waandishi wengi wanaogopa kumkaribisha mezani, wanamwacha nje na bunduki, kisha wanashangaa kwa nini hakuna anayemkumbuka.

Mara ya tatu nilimwomba dada mwandishi aniruhusu nibadilishe maneno. Nilifumba macho nikasema polepole: "Shemeji, pole. Umelalaje? Kikohozi cha mtoto kimepungua? Nimeona ng'ombe wangu wamevuka tena mpaka wa shamba wakati wa kulima. Nitawakanya."

Fundi aliweka muhogo chini.

"Bana, hiyo voice umeitoa wapi? Imeniingia mpaka kwa mgongo."

Nilimwambia nimeibuni tu. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeitoa kwa baba yangu mdogo, mdogo wake baba.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano, nyumbani kwetu nyuma ya Sindo. Tangu hapo baba mdogo alifika mlangoni kwa mama kila asubuhi, kofia mkononi, kumjulia hali. Kila msimu wa kulima ng'ombe wake wa plau walivuka mpaka wa shamba letu hatua chache, na kila mara yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kutoa habari na kuomba radhi. "Pole, shemeji. Ng'ombe hawajui kusoma." Mwaka wa kwanza mama alicheka. Mwaka wa nne mkonge uliokuwa alama ya mpaka ulikuwa umeota upya nyuma ya jiko letu. Nilipomaliza darasa la nane mama alifunga mizigo akaenda Migori kuuza mitumba, akapanga chumba. Hakuna aliyemfukuza. Baba mdogo ndiye aliyembebea begi hadi steji ya matatu.

Nilipopata nafasi ya chuo, aliuza fahali ili nikasome. Fahali alikuwa wa baba, lakini alimuuza kwa huzuni kubwa kiasi kwamba nilimshukuru, na shukrani yangu ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana simzungumzii kwa hasira hata sasa. Ugumu wa kuishi na mtu kama huyo ni kwamba hakupi siku ya kumkasirikia.

Mchezo ulishika. Mama mboga wa soko la Migori aliapa kuwa siku akimpata Mpole atamponda na nyanya zote zilizooza, na alikuwa akiniambia hayo huku akinipimia nyanya nzima. Ujumbe wa sauti ulikuja kwenye simu ya kituo kutoka Mbita, kutoka Isebania, kutoka kwa watu waliosema Mpole anaishi kijijini kwao na wakataka kujua tulimfahamu vipi. Hata baba mdogo alisikiliza. Siku moja nilipomtembelea alitikisa kichwa, akaniambia, "Huyu mtu wenu ni mbaya sana. Watu wa namna hiyo wako, mwanangu. Jichunge nao." Nilimtazama usoni kwa muda nikitafuta mzaha. Haukuwepo.

Kisha nikapata mchumba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Migori, kwao ni Magunga. Mama yake alikuwa mjane na alisikiliza mchezo wetu bila kukosa, redio ikiwa imesogezwa dirishani ili ishike vizuri. Alimchukia Mpole hivi kwamba aliizima redio kila alipoingia, kisha akaiwasha tena haraka asipitwe. Kwa hiyo mchumba wangu alimwambia mama yake nusu ya ukweli, kwamba mimi ndiye ninayesoma matangazo ya vifo. Mama alifurahi. Alisema hiyo ni kazi ya mtu mwenye adabu.

Kwetu Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na wazee wanaofuata sana desturi hawatazamani usoni. Tulipokwenda Magunga kwa mara ya kwanza, mama wa mchumba wangu alikaa chumba cha ndani na wanawake wenzake, pazia likiwa katikati. Sisi wanaume tulikaa sebuleni. Jagam, yaani mshenga wetu, alipeleka ndani zawadi iitwayo ayie, ambayo mama wa binti akiipokea amesema amekubali. Pasipo neno hilo hakuna mahari, hakuna harusi, hakuna lolote. Na kwa kuwa bwana harusi hajisemei, aliyesimama kuzungumza alikuwa mkubwa wa ukoo wetu, baba mdogo.

"Mama, pole kwa kukuletea wageni wengi kwenye jua lote hili," alisema kuelekea pazia. "Umeamkaje? Nasikia goti linakusumbua."

Yaliyotokea nyuma ya pazia nilisimuliwa baadaye na mchumba wangu. Mama aliweka mwiko chini, akasema, "Mpole yuko ndani ya nyumba yangu." Binti aliogopa, akakiri palepale. Akasema ule ni mchezo tu, Mpole si mtu, na anayemwigiza ndiye huyo anayetaka kumuoa.

"Ndiye anayezungumza sasa?"

Binti alichungulia. "Hapana, mama. Yeye amekaa kimya. Anayezungumza ni baba yake mdogo."

"Basi huyo haigizi," mama alisema.

Ayie ilirudi sebuleni ikiwa bado imefungwa kwenye leso. Jagam alitangaza kwamba mama hajakubali, akaketi akitazama viatu vyake. Tulikuwa tumeshaandaliwa kuku, tukala, kwa kuwa kukataa chakula kungekuwa aibu ya pili. Baba mdogo alisifu mchuzi. Alisema hakuna neno, mama apumzike, sisi hatuna haraka.

Mimi nilikuwa na haraka. Mchumba wangu alinipigia simu siku ya tatu akasema hataolewa mama yake akiwa hajasema ndiyo, na nisimsukume. Hakulia wala hakupandisha sauti. Nilimpenda, naandika wazi kwa sababu katika habari hii nzima ndilo jambo pekee nililokuwa na hakika nalo. Nilipata hofu ambayo Mpole hakuwahi kumpa msikilizaji wake yeyote.

Wiki iliyofuata nilirudi Magunga na jagam peke yake. Nilikaa kiti kilekile. Mama alikuwa nyuma ya pazia lilelile, na safari hii ilibidi nijisemee. Nilijieleza kwa dakika kadhaa. Nilisema mchezo ni kazi kama kazi nyingine, na kwamba mimi ni mimi na Mpole ni Mpole. Alinisikiliza hadi mwisho. Mazungumzo yalikuwa kwa Kijaluo, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Huyo baba yako mdogo anakaa wapi?"

"Nyumbani kwetu, mama. Nyuma ya Sindo."

"Na shamba la marehemu baba yako linalimwa na nani?"

"Na yeye."

"Mama yako je?"

"Yuko Migori. Amepanga chumba."

Nilisikia kijiko kikikoroga chai.

"Kwa hivyo ulijua," alisema. "Ulijua mpaka ukaweza kumwiga vile anavyovuta pumzi. Halafu ukamleta hapa aniombe binti yangu."

Nilimjibu kwamba ndiye mkubwa wa ukoo na desturi ndivyo inavyotaka.

"Desturi naijua. Mimi pia nilikuwa na shemeji. Wewe rudi na mama yako. Yeye ndiye atakayesema, na yeye ndiye nitakayemsikiliza."

Jagam alikohoa. "Mama, mwanamke haongozi wageni wa posa."

"Basi sijakubali. Chai yenu iko mezani."

Nilimkuta mama yangu sokoni Migori akitundika sweta za watoto kwenye kamba. Nilimsimulia yote, na nilipofika kwenye habari ya sauti ya Mpole nilisimama kidogo, nikitaka kumwandaa. Miaka mitano sikuwahi kumwambia niliitoa wapi. Niliona ni siri yangu ya kazi, na nilidhani ikifichuka itamuumiza.

"Unafikiri sikumjua?" aliuliza. Aliendelea kutundika sweta. "Siku ya kwanza tu. Nilimwacha mteja amesimama na pesa mkononi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilisikiliza kila Alhamisi. Nilisema, huyu mtoto anafanya mazoezi. Anamsoma vizuri, na siku moja ataenda amjibu."

Nilimshikia kamba.

Jumamosi tulikwenda Magunga. Baba mdogo nilimpigia simu nikamdanganya kwamba tarehe imeahirishwa. Mama alivaa gauni lake la kanisani, akasimama sebuleni mbele ya wazee waliokuwa wakitazamana, akazungumza kwa sauti kavu isiyo na pole hata moja. "Mimi ndiye mama yake. Ng'ombe sina. Shamba nililokuwa nalo mnajua liko wapi, na kama hamjui mtamuuliza shemeji yangu. Nina huyu tu." Mama mkwe alituma neno kutoka ndani kwamba amekubali. Alikubali kabla mama hajaketi.

Harusi ilikuwa Desemba. Baba mdogo alikuja na kondoo mnono, akakaa mstari wa mbele, akamuulizia kila mtu afya yake. Kuhusu ile safari ya mama ya Magunga hakusema lolote, na hadi leo sijui kama aliwahi kuambiwa. Walipoitwa watoao zawadi alinijia mwenyewe, kamba ya kondoo mkononi. Aliniambia nyumba ni kubwa na nyumbani ni kwangu, na nikitaka kujenga yeye atanitafutia mahali pembeni mwa shamba lake.

Alisema shamba lake. Nilimsikia vizuri. Mama alikuwa hatua mbili nyuma yangu, ameacha kuzungumza na wenzake ili asikie nitakachosema.

Nilichukua kamba. Nikasema, "Asante sana, baba mdogo."