Safu ya Waenda kwa Miguu

Halmashauri ya jiji inautangazia umma kwamba Mpango Mkuu wa Usafiri umezingatia mahitaji ya watumiaji wote wa barabara. Kwamba mabasi yatapita kwa wakati. Kwamba baiskeli sasa ni chombo cha usafiri chenye heshima sawa na vyombo vingine vyote. Na kwamba katika kuuandaa mpango huo, kila mwenye baiskeli anayepita kwenye mzunguko mkubwa amehesabiwa.

Aliyewahesabu ni karani mmoja wa idara ya barabara, mtu wa miaka thelathini na nane, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri kiasi kwamba wenzake humwendea wanapotaka kuandika barua za rambirambi. Ofisini walimwita Kifungu, kwa sababu hakuna jambo, hata foleni ya chai, ambalo hakulitafutia kifungu cha sheria. Jina hilo halikumuudhi. Alikuwa karani wa mkataba kwa mwaka wa sita, na mtu wa mkataba huchagua kwa uangalifu mambo ya kumuudhi.

Mzunguko wenyewe ni pale barabara nne zinapokutana na kugombana. Kazi ilikuwa ya siku tatu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Alipewa kiti cha plastiki, mwavuli, jaketi la kung'aa na fomu yenye safu tano: magari madogo, mabasi, pikipiki, baiskeli, waenda kwa miguu. Kila kinachopita hupigiwa kijistari, na cha tano huwakata wenzake wanne mshazari, kama kamba juu ya mzigo wa kuni. Nyuma ya fomu kulikuwa na maelekezo ambayo kwa kawaida hakuna anayeyasoma. Yeye aliyasoma mara mbili. Kifungu cha saba kilisema: "Mtu anayesukuma baiskeli ahesabiwe kuwa ni mwenda kwa miguu."

Ni kifungu cha busara, mahali pengine. Pale mzunguko hakuna mwenye baiskeli mwenye akili timamu aliyeuzunguka akiwa juu ya tandiko. Mabasi yaliingia kwa ubavu, kila dereva akiamini kwamba breki ni kazi ya mwenzake. Kwa hiyo watu wa baiskeli walikuwa na utaratibu wao. Wakifika kwenye duka la dawa walishuka, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye tandiko, wakafuata ukanda wa udongo pembezoni mwa barabara, usiozidi upana wa mlango, wakavuka mbio, kisha wakapanda tena upande wa pili. Walikuwa mamia: mafundi bomba, wapeleka mikate, walinzi wanaotoka zamu. Kifungu aliwaona wote, na wote akawapigia vijistari vyao kwenye safu ya tano. Safu ya nne, ile ya baiskeli, siku nzima ya kwanza ilipata vijistari vinne, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vya mtu mmoja aliyekosa pa kutokea akazunguka tena.

Usidhani hakugundua. Aligundua kabla ya saa moja asubuhi. Alifikiria kuandika maelezo pembeni, lakini fomu haikuwa na pembeni. Alifikiria kumpigia simu mhandisi. Kisha akajiambia kwamba aliyeandika kifungu bila shaka alikuwa na sababu zake, na kwamba karani wa mkataba hampigii mhandisi simu kumweleza baiskeli ni kitu gani.

Siku ya pili mhandisi alikuja mwenyewe. Alikuwa kijana mwerevu, mpole, mwenye viatu vyeupe. Ndiye aliyeusimamia mpango mzima, na ndiye ambaye angeandika barua ya kumpendekeza Kifungu kwa ajira ya kudumu. Alisimama nyuma ya kiti akaikagua fomu.

"Safu ya baiskeli imelala," akasema.

"Imelala, bosi."

"Basi wale wa magazeti wanatupigia kelele bure. Hapa baiskeli hakuna."

Hapo ndipo kaka yake Kifungu alipotokea.

Kaka mkubwa alikuwa na miaka hamsini kasoro kidogo, na kazi yake ilikuwa kupeleka mayai madukani. Nyuma ya baiskeli yake zilipangwa trei ishirini na nne, zimefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, mnara mzima, naye aliusukuma taratibu kama mtu anayemsindikiza mgonjwa kwenda msalani. Mayai hayo ndiyo yaliyomsomesha Kifungu mpaka akapata ule mwandiko. Hakuwahi kulikana jambo hilo. Ni vile tu nafasi ya kulisema haikutokea. Wiki iliyotangulia mhandisi alimuuliza habari za nyumbani, naye akasema kaka yake yuko kwenye usambazaji wa vyakula, kwa sauti iliyoacha nafasi ya maghala na malori.

"Kumbe ndiyo kazi yenyewe hii, kukalia kiti," kaka alisema kutoka mbali, uso umemjaa furaha. "Na salamu siku hizi hutoi? Au unangoja mimi nikuamkie wewe?"

Kifungu alipiga kijistari. Safu ya tano.

"Mnafahamiana?" mhandisi aliuliza.

"Amenifananisha," Kifungu alisema.

Neno lilitoka lenyewe, jepesi, bila kuhitaji msaada wake. Hakuinua macho. Aliliona gurudumu la mbele likisimama. Aliviona vidole vya miguu vya kaka yake ndani ya ndala, vimejaa vumbi, na vidole hivyo navyo vikasimama. Kisha akaisikia sauti, yenye adabu kabisa, ile ambayo kaka huitumia kwa wenye maduka.

"Samahani, bosi. Kweli nimekufananisha."

Baiskeli ikaendelea. Mhandisi akauliza kama kivuli cha mwavuli kinatosha. Kifungu akajibu kwamba kinatosha sana.

Jumapili kaka alikuja nyumbani kama Jumapili zote, na trei moja ya mayai yenye ufa, yale yasiyouzika, kwa ajili ya shemeji yake. Kifungu alimwamkia mlangoni, na walipokaa mezani akamwamkia tena.

"Marahaba," kaka aliitikia mara zote mbili.

Walizungumza kuhusu ugonjwa wa kuku na bati lililopeperuka. Kaka alikula, akasifu, akamtania shemeji yake kwamba chumvi imepanda bei au yeye ndiye amekuwa bahili. Habari ya mzunguko haikutajwa. Kifungu aliingoja tangu chai hadi matunda, kama mtu aliyeitwa kwa daktari wa meno, na haikuja. Wakati wa kuaga kaka alivaa kofia yake, akasema, "Haya bosi, nimeshukuru."

Mlango ulipofungwa mkewe aliuliza, "Tangu lini kaka yako anakuita bosi?"

"Utani tu."

"Sikumwona akicheka." Alikusanya sahani. "Mmegombana?"

"Hapana," alisema Kifungu, na ilikuwa kweli. Kugombana kungehitaji watu wawili wanaofahamiana.

Miezi miwili baadaye rasimu ya mpango ilitoka. Kwenye mzunguko kungekuwa na njia maalumu ya mabasi, jambo ambalo jiji lilikuwa likililia kwa miaka, na ili ipatikane ule ukanda wa udongo ungemezwa wote, "kwa kuwa matumizi ya baiskeli katika eneo hili ni madogo mno." Njia ya baiskeli, nzuri, ya rangi ya kijani, ingejengwa kando ya bustani, ambako Jumamosi asubuhi watu hupanda baiskeli ili wapungue unene. Na wale waenda kwa miguu wa mzunguko, ambao wingi wao uliwashangaza wataalamu, wangejengewa daraja la kuvukia juu. Kifungu alizihesabu ngazi kwenye mchoro, kwa mazoea tu. Zilikuwa hamsini na mbili. Kisha akaziwazia trei ishirini na nne zikizipanda.

Kabla ya kupitishwa, rasimu ililetwa mbele ya wananchi katika ukumbi wa shule. Maofisa walikaa mbele wakiwatazama watu, Kifungu akiwa mwisho wa safu yao. Kaka alikaa mstari wa nne na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Nyuma yake walikaa wenye maduka wa mtaa ule, wateja wake karibu wote.

"Mimi nina swali dogo," kaka alisema aliporuhusiwa. "Karatasi yenu inasema baiskeli pale mzunguko hazipiti. Mimi napita pale kila siku na mayai. Hizo ngazi nitapandaje?"

"Mayai yatapanda lifti, Mzee wa Trei," mtu mmoja alisema, na ukumbi ukacheka.

Mhandisi hakucheka. "Mzee wangu, hesabu ilifanyika siku tatu, na ilifanywa na karani mzoefu. Huyu hapa. Labda siku hizo hukupita?"

"Nilipita."

"Ulimwona karani wetu?"

Kaka alimtazama Kifungu. Hapakuwa na hasira usoni mwake. Hasira ingekuwa afadhali. Alimtazama kama mtu anayepima mzigo aone kama mwenzake atauweza.

"Sikumbuki," alisema. "Mwenye mayai haangalii watu."

Akakaa. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali jingine. Kifungu akajikuta amesimama.

"Alipita," alisema. "Siku ya pili, saa tatu kasorobo. Alikuwa anasukuma, nikamwandika mwenda kwa miguu. Na wengine wote hivyo hivyo. Kwa siku ni kama mia nne. Idadi kamili sina, nimewachanganya na waenda kwa miguu wa kweli. Kifungu cha saba."

"Mia nne?" mhandisi aliuliza.

"Hakuna anayepanda pale, bosi. Wote wanashuka. Nilijua tangu saa ya kwanza."

Mwenyekiti, mtu aliyependa mambo yakae sawa, aliinama mbele. "Sasa huyu mmoja, katika mia nne, umemkumbukaje?"

Angeweza kusema mayai. Ukumbi mzima ungeridhika na mayai. Lakini kusema kweli humlevya asiyeizoea, na Kifungu alikuwa ameshapiga funda la kwanza.

"Ni kaka yangu. Tumbo moja. Alinisalimia, mimi nikasema simjui."

Mwenyekiti aliuliza kama hilo ni swali au ni maoni. Kifungu akasema ni maoni, na mwandishi wa kikao akaandika.

Watu waligeuka, lakini hawakugeuka kumtazama Kifungu. Walimtazama kaka. Mwenye duka la kona alimtazama, na mama wa mgahawa, na yule wa utani wa lifti, ambaye sasa alimgusa bega kwa huruma kama kwenye matanga. Kaka aliinamisha kichwa akawa anaitazama mikono yake.

Nje, Kifungu alimkuta akifungua kufuli la baiskeli.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nilikukosea. Ndiyo maana nimesema."

"Ungesema hesabu, ingetosha." Kufuli lilikwama, akalitikisa. "Hesabu ilikuwa yao. Lile jingine lilikuwa langu, na nilikuwa nimeshalitafutia pa kuliweka. Sasa kesho nikifika dukani nikabidhi mayai au nitoe maelezo?"

"Nilitaka wajue kosa ni langu."

"Wamejua." Alipanda tandikoni, mguu mmoja bado chini. "Wewe umetua mzigo, mdogo wangu. Ila umeutua juu yangu."

Hakusema kwa ukali. Akamwagiza amsalimie shemeji yake, akaondoka.

Mhandisi, tumpe haki yake, hakuwa mbishi. Daraja lilifutwa kwenye mchoro. Ukanda wa udongo ulipangiwa kuwa njia ya baiskeli, na ukingo wa saruji kuitenganisha na mabasi. Kifungu cha saba kiliondolewa, fomu ikapata safu ya sita, ya wanaosukuma baiskeli, na hesabu ikaamriwa irudiwe na karani yuleyule, ambaye wiki hiyohiyo alipokea barua ya ajira ya kudumu ikimsifu kwa uadilifu. Barua hiyo alikaa nayo mfukoni siku nne kabla ya kumwonyesha mkewe, na alipomwonyesha alisimama dirishani mpaka mkewe alipomaliza kuisoma.

Alirudi kwenye kiti cha plastiki kwa siku tatu. Safari hii kila gurudumu lilipokaribia aliinua macho. Aliwaamkia wote waliomzidi umri, mafundi kwa walinzi, na wengine waliitikia wakigeuka nyuma kuona anayesalimiwa ni nani. Jioni ya siku ya tatu alijumlisha safu ya nne na ya sita, akarudia kujumlisha, akapata elfu moja mia tatu na sita. Ndiyo hesabu inayotajwa kwenye lile tangazo la halmashauri.

Kaka yake hayumo katika idadi hiyo. Tangu siku ya mkutano hupeleka mayai kwa njia ya kando ya reli, iliyo ndefu zaidi kwa nusu saa, na ambayo hakuna aliyetumwa kuihesabu.