Gunia la Pumba Chini ya Lori

Jumanne, manyunyu tangu asubuhi. Jirani amemwaga oili ya gia, na harufu yake imenirudisha nyumbani Kagongwa.

Baba na baba mdogo walikuwa wanashusha transfa, ile giaboksi ndogo ya pili, ya lori letu. Chini yake waliweka gunia la pumba za mpunga, ili chuma kile kizito kitue taratibu. Mimi nikachota humo chakula cha kuku.

"We binti, usinimalizie godoro!" alitania baba mdogo, akiwa uvunguni.

"Nimechota kidogo tu," nilijibu. Ndoo ilikuwa imejaa.

Transfa ilidondoka, gunia likabonyea hadi chini, ikamponda baba mdogo vidole vya mkono wa kulia. Kusema haki, kamba waliyoifungia nayo ilikuwa imechakaa. Sijui. Baba mdogo hakunitaja.

Jioni tulikula ugali na mlenda. Alikula kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyemkemea.