Watoto wa Dunda Waliozidi Shule

Mjukuu wangu wa kike ni mwandishi wa habari, lakini si kama wale tuliowazoea redioni. Mimi nilijua mwandishi ni mtu wa kwenda kuona moto umewaka wapi, akarudi akasema. Huyu anahesabu. Akija kwangu hapa Dunda hufungua kompyuta yake, namba zimeanikwa humo kama dagaa, akaniambia, "Bibi, habari imo humu."

"Hiyo si kazi ya karani?" nikamuuliza.

"Karani anahesabu anafungia kabatini. Mimi nahesabu nawauliza wakubwa."

Jibu hilo nililipenda, ila sikumwambia. Mtoto akisifiwa sana hulegea.

Habari yake ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa ya mtaa wetu. Alitaka kujua watoto wangapi wanakwenda shule kwa miguu wakivuka barabara ya malori ya mchanga, na wanatoka nyumba zipi, ili wakubwa waone wenyewe matuta yawekwe wapi. Akapita mlango kwa mlango: "Shikamoo mama. Una watoto wangapi wanaosoma?"

Nilimwonya. Huku kwetu watoto hawahesabiwi kama kuku. Ukimuuliza mtu idadi atakwambia, "Mungu kanijaalia," akageukia chungu chake. Lakini yule ana maneno laini, na watu wamemjua tangu anatambaa, wakamjibu. Akarudi Dar na furaha yake.

Haikupita wiki nikamwona mlangoni, macho yamevimba. Mhariri wake kapiga simu shuleni, kaambiwa shule nzima haina watoto wengi kiasi hicho, hata ukiwachanganya na walimu. Mhariri kamwambia: tafuta kosa liko wapi, la sivyo habari haitoki, na wewe unarudi kuandika harusi za watu maarufu.

"Watu wa huku waongo, bibi."

"Koma! Hata mimi uliniuliza, nikakujibu. Mimi mwongo?"

Akajifuta machozi. Nikammiminia chai, nikamwekea vitumbua mbele. Kulia na njaa ni kazi mbili, afanye moja.

Tumekaa hivyo uani, mara mdogo wangu, ambaye nyumba yake na yangu zimegawana ua mmoja, akamwita binti mmoja wa darasa la tatu, anayeshinda uani petu, aende akafue sare. Binti alikuwa kwangu, mdomo umejaa kitumbua. Nikamjibia mimi.

"Mwache mwanangu ale kwanza!"

"Mwanao tangu lini? Huyo kanyonya kwa binti yangu!"

"Kanyonya kwa binti yako, anakula kwa nani?"

"Anakula kwako, analala kwa nani? Mwizi wa watoto we!"

Ndivyo tunavyosemezana siku zote, wala si ugomvi. Lakini mjukuu wangu aliweka kikombe chini, anatutazama huyu na huyu.

"Bibi, siku ile nilipokuuliza, huyu ulimhesabu?"

"Nisimhesabu kwa nini?"

"Na wewe, bibi mdogo?"

"Sasa nimhesabu nani kama si yeye?"

"Na mama yake naye, kule mlangoni kwake, kamhesabu," akasema, akajishika kichwa. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mtoto mmoja, mama watatu! Mtaa mzima ndivyo!"

"Kwani wewe ulizaliwa Ulaya?" nikamuuliza. "Wewe mwenyewe umelelewa na mama wangapi?"

Akanikumbatia shingoni na mikono yake ya vitumbua. Nikamfukuza.

Kesho yake akaanza upya. Safari hii hakuuliza mtu ana watoto wangapi. Aliuliza, "Leo asubuhi, mlango huu, nani na nani wametoka na sare?" Watu wakataja majina kwa raha, maana jina haliogopewi kijicho kama idadi. Mimi nilimfuata na mwavuli, namgombeza kwa vile viatu vyake visivyo na soli.

Habari ikatoka. Alikuja kutusomea mwenyewe kwenye simu. Juu kabisa aliandika kwamba hesabu ya kwanza ilimshinda, kwa sababu aliuliza swali moja ambalo lina majibu matatu ya kweli. Mhariri alitaka sentensi hiyo itolewe, yeye akamkatalia. Nikamwambia asome tena hapo, eti sikusikia vizuri.

Halafu akatuonyesha ramani. Kila mlango kitone chekundu, na penye watoto wengi kitone kinanenepa.

"Changu kipi?" akauliza mdogo wangu. Akaonyeshwa, kimenona kama embe.

"Na cha dada?"

Mjukuu wangu akakohoa. "Bibi hana. Watoto wote wanakula kwake, lakini asubuhi wanatokea kwako."

Mdogo wangu akapiga kigelegele mpaka jirani wa tatu akachungulia.

"Mke mwenza," nikamwambia mjukuu wangu, "umenifuta mtaani?"

"Ndiyo takwimu, bibi."

Nikamwita yule binti. Nikamwambia akachukue mkeka wake na sare yake, avilete kwangu, kuanzia leo analala hapa.

"Bibi, habari imeshatoka!"

"Basi itatoka tena."